Ukuta Ulionyooshwa

12 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na Mama kwa kuwa najua ndiye utakayemtafuta kwanza katika barua hii. Hajambo. Miguu bado inavimba jioni, na ameniagiza nikuulize kama mwalimu wa fizikia akistaafu hustaafu na kuandika pia. Kazini napo ni yale yale: mashine ya kuchapa, barua za watu wengine, na mkuu wa ofisi anayeamini kwamba koma ni pambo.

Kamera imefika salama. Lenzi zote mbili nimezikuta ndani ya soksi zako, na soksi nimezifua. Fundi picha wa hapa mtaani ameigeuzageuza akaniuliza kama nimeiiba makumbusho, kisha akakubali kuwa ni chombo. Sasa nisaidie. Kwenye pete ya lenzi kuna namba, mbili, nne, nane, kumi na moja, hadi kumi na sita. Kadiri ninavyokwenda kwenye namba kubwa, ndivyo picha inavyozidi kuwa giza. Nilidhani ingekuwa kinyume.

Nakuletea picha yangu ya kwanza. Ni nyumba yetu, maana ndiyo pekee iliyokubali kusimama mbele yangu bila kucheka. Nimetumia ile lenzi fupi, ya milimita ishirini na nane, ili ienee yote. Utaona mbao na mafundi juu: Mjomba Mkubwa anaongeza ghorofa ya tatu. Yeye husema nyumba ya ghorofa mbili ni nyumba iliyokata tamaa. Najua wewe na kaka yako huyo hamzungumzi. Nimelitaja kwa sababu limo pichani.

Mpwa wako

*

27 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na goti langu limepoa kwa kiasi ambacho goti la umri huu linaweza kusemwa limepoa. Mwambie dada yangu kwamba sijastaafu kuandika. Nimestaafu kuandikia watu wasiojibu, na yeye ni wa kwanza katika orodha hiyo. Awe anaweka miguu juu ya mto anapolala.

Namba zilizokutatiza ni vigawanyo. Chukua urefu wa lenzi, ugawanye kwa nane: hilo ndilo tundu la nane. Ugawanye kwa kumi na sita, na tundu limekuwa dogo zaidi. Namba ikikua, mlango wa mwanga unapungua. Hakuna kinyume chochote hapo. Kwa majengo, baki kwenye nane. Hapo lenzi nyingi huona kwa ukali wake wote, na vitu vya karibu na vya mbali hutoka wazi kwa pamoja. Kukiwa na mawingu mepesi, weka kasi kwenye mia na ishirini na tano. Na usishuke chini ya sitini ukiwa umeishika kamera kwa mikono, hata ukijiona una mikono ya daktari wa upasuaji.

Sasa picha. Ina makosa mawili, na yote ni yako. Kwanza, uliielekeza kamera juu, ndiyo maana nyumba inaonekana kama inataka kulala chali. Kamera ikiinuliwa, kuta hukaribiana kule juu. Pili, umetumia lenzi fupi, yaani pana, na ukauacha ukuta wa kulia ukingoni kabisa mwa picha. Lenzi pana hupindisha mistari iliyo ukingoni. Hata ukuta ulionyooka kama rula utaonekana umetoa tumbo. Funga ile ya hamsini, rudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara, weka kamera juu ya kitu kisichotikisika, na uisawazishe kwa pimamaji.

Jengo ambalo ukuta wake hausimami wima ni picha ambayo haijamalizika. Usiniletee nyingine ya namna hiyo.

Ghorofa ya tatu nimeiona.

Mjomba wako

*

22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema mto ameuweka, na kwamba wewe ndiye wa kwanza katika orodha yake ya watu wanaotoa amri kwa posta. Anakuita Bwana Kipimo siku hizi. Afya yake ni nzuri, ila amekasirishwa na mlango wa chumba chake. Ulivimba kwa mvua, seremala akauchonga juu, ukafunga vizuri kwa wiki moja. Sasa umevimba tena, ingawa mvua imeshakatika. Mjomba Mkubwa anasema mbao za siku hizi hazina adabu.

Nimefanya kama ulivyoniagiza. Nimesimama kwenye ngazi za duka la fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Yeye mwenyewe amenipa kigoda cha kuwekea kamera na kunishikia pimamaji niliyoiazima kwa mafundi wetu, akiniambia "kushoto, kushoto, hapo," kama anayeegesha gari. Barabara yetu ni nyembamba, kwa hiyo lenzi ya hamsini haikuenea nyumba nzima. Nimechagua pembe ya kulia, upande wa chumba cha Mama. Tundu nane, kasi mia na ishirini na tano, mawingu mepesi.

Naomba uutazame ukuta. Umesimama kama askari anayekaguliwa.

Nataka sasa kumpiga Mama picha, lakini kila nikimlenga anatoka na uso wa hati ya kusafiria. Nitumie lenzi ipi?

Mpwa wako

*

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepokea barua na picha, na nimefurahi kwamba dada yangu bado ana nguvu za kutukana.

Kwa uso wa mtu, tumia hiyo hiyo hamsini. Lenzi fupi itakulazimisha umsogelee, na ukimsogelea pua yake itakua kuliko alivyojaliwa, hatakusamehe. Mkalishe ubavuni mwa dirisha, fungua tundu hadi mbili nukta nane ili vilivyo nyuma yake vififie, na ulenge kwenye jicho lililo karibu nawe. Usimwambie atabasamu. Muulize habari zangu, kisha subiri.

Picha ya nyumba nimeitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ukuta umesimama wima. Ni kweli, na kwa hilo nakupongeza. Lakini kuna jambo siwezi kulielewa. Mafundi wamefunga kapi juu ya ghorofa mpya, na kutoka kwenye kapi inaning'inia kamba yenye ndoo ya zege. Kamba hiyo haikunyooka chini: ndoo imekwenda kulia. Je, siku ile kulikuwa na upepo? Kulikuwa na mtu chini anayeivuta? Naona pia kwamba barabara haimo pichani. Kuna mtu ameikata.

Nataka unifanyie zoezi, na unijibu mapema kadiri uwezavyo. Chukua uzi mrefu, ufunge jiwe au msumari mkubwa, uutundike kutoka dirisha la juu, karibu na pembe ile ile ya kulia. Mafundi huita kifaa hicho timazi, nawe utakuwa umeitengeneza yako. Subiri itulie. Piga picha tatu kutoka kwenye ngazi za fundi viatu: ya kwanza ukuta ukiwa ukingoni kulia, ya pili ukiwa ukingoni kushoto, ya tatu katikati. Kama tumbo la ukuta ni la lenzi, litahama pamoja na ukingo, na katikati litatoweka. Fundi picha asafishe filamu na kuchapa picha zilivyo, bila kukata wala kugeuza chochote. Umsimamie.

Ni zoezi la lenzi. Lifanye kama zoezi, na usilitangaze nyumbani.

Mjomba wako

*

29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilikuwa nayo tangu katikati ya Machi. Nimeisoma mara nyingi na nimekawia kuijibu, na nitakueleza kwa nini. Mama hajambo. Mimi sijalala vizuri.

Hakukuwa na upepo, wala hapakuwa na mtu anayevuta kamba. Uliniambia nisikuletee tena picha yenye ukuta ulioinama. Nikapiga picha kwa uangalifu wote, pimamaji ikiwa sawa kabisa, na ukuta ukatoka umeinama kulia. Nikarudia, ukainama tena. Nikaona aibu, nikadhani sina mikono ya kazi hii. Nikampelekea fundi picha. Alisema, "Hilo ni dogo, dada," akaigeuza karatasi kidogo chini ya mashine yake ya kuchapia hadi ukuta ukasimama, kisha akakata chini pale barabara ilipoonekana kama kilima. Nikakuletea hiyo. Ukuta tuliunyoosha kwa mkasi.

Ulipoandika habari za kamba, nilielewa kabla sijamaliza ukurasa. Ndiyo maana sikujibu. Niliona kama nisipopiga hizo picha, ukuta utakuwa bado haujaamua.

Wiki iliyopita nilipiga. Nilikuwa natundika uzi dirishani Mjomba Mkubwa akapita na ramani yake kwapani.

"Uzi wa nini huo?"

"Wa picha, Mjomba."

"Kakutuma Miwani?" Bado anakuita hivyo.

"Zoezi tu la lenzi."

"Mwambie nyumba yangu haivai miwani. Na ukimaliza utoe hilo jiwe lako, lisije likamponda mtu tukaambiwa nyumba imeua."

Akacheka, nami nikacheka. Mama akacheka kutoka chumbani. Picha tatu zimo humu, hazijakatwa. Sijataka kuzitazama zaidi ya mara moja. Tumbo la ukuta halihami, Mjomba. Linatokeza kulia katika picha zote, hata ile ya katikati.

Jambo lingine. Nyuma ya kabati la Mama kuna ufa. Ulikuwepo nilipokuandikia habari za mlango, na sikuutaja. Mama alisema, "Usimwandikie Bwana Kipimo mambo ya ufa, atakuja na rula." Wakati ule kucha yangu haikuingia ndani yake. Sasa inaingia.

Sakafu ya juu ya ghorofa ya tatu watamwaga zege katikati ya Mei. Naomba uniambie waziwazi: hili ni zoezi la lenzi?

Mpwa wako

*

9 Mei
(simu ya maandishi)

SI LENZI. DADA ATOKE CHUMBANI LEO. ZEGE LISIMWAGWE. BARUA INAFUATA. MJOMBA.

*

9 Mei

Mpwa wangu,

Kwa mara ya kwanza sitauliza habari za mtu yeyote. Nimetoka posta sasa hivi, na natumaini simu imewafikia kabla ya karatasi hii.

Nitakueleza kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio unaonisaidia kuishika kalamu. Uzi wenye jiwe haujui nyumba ni ya nani. Unaelekea chini tu. Nimeweka rula juu ya picha yako ya katikati: kati ya uzi na ukuta pana nafasi kubwa zaidi kule chini kuliko juu, maana yake ukuta umeegemea nje, na pale usawa wa dirisha la chumba cha mama yako umetoa tumbo. Ukuta wenye tumbo ni ukuta uliobebeshwa kuliko unavyoweza. Mlango hauvimbi kiangazi. Fremu yake ndiyo inayobanwa.

Utaniuliza kwa nini simwandikii kaka yangu mwenyewe. Alipojenga ghorofa ya pili nilimwandikia kurasa nne za hesabu, nikamwambia msingi aliouweka baba haukujengwa kubeba mzigo huo na nyumba haitakaa. Alizisoma kwa sauti mezani mbele ya wageni, akanirudishia akiwa ameandika neno moja chini yake: *Wivu.* Na ghorofa ile imekaa, mpwa wangu. Imekaa miaka yote hii, na kila mwaka uliopita ulikuwa shahidi wake dhidi yangu. Nikimwandikia leo, ataharakisha zege ili anikomeshe. Naijua familia yangu kuliko ninavyoijua fizikia.

Kwa hiyo nakutegemea wewe. Usibishane naye juu ya ukuta. Mtoe mama yako kwanza, kwa sababu yoyote atakayoikubali. Usikae kuchagua sababu nzuri.

Huenda nimekosea tena. Nimeishi na uwezekano huo tangu barua yako ilipofika, na ningefurahi sana kukosea. Lakini siwezi kulijaribu wazo hilo kwa kumweka dada yangu chini ya ule ukuta.

Mjomba wako

*

4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama ametoka. Nasema hilo kwanza ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Simu yako niliiletewa kazini. Niliacha karatasi ndani ya mashine nikakimbia. Nilimkuta Mama chumbani kwake, mlango umefungwa.

"Mama, fungua."

"Fungua wewe. Mimi nimeshindwa tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi? Mbona hukuita?"

"Nimwite nani, aje aniambie mbao hazina adabu? Nina chai yangu humu, nina redio. Nilijua utarudi."

Nilisukuma kwa bega, haukutikisika hata kidogo. Nikaona ule mstari wa juu, pale seremala alipochonga, umeuma ndani ya fremu kama meno. Nilimwomba atokee dirishani. Akaniuliza kama nimewahi kuiona miguu yake. Fundi viatu akaja na patasi, akang'oa bawaba kwa upande wa nje. Mlango ulipoachia ulitoa mlio, na vumbi la plasta likatuangukia vichwani. Mama alitoka na mkoba wake na kikombe, akasema anakwenda kupumzika kwa siku mbili, basi. Simu yako nilimwonyesha baadaye. Aliisoma, akaikunja ndogo sana, akaiweka kwenye mkoba.

Tumepanga chumba nyuma ya duka la fundi viatu. Harufu ya gundi na ngozi tumeizoea. Tukifungua dirisha, nyumba ndiyo hiyo mbele yetu.

Zege walimwaga. Nilimwomba Mjomba Mkubwa asubiri kidogo, akaniambia saruji haisubiri wanawake waoga. Siku ile nilisimama barabarani tangu ndoo ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna kilichotokea. Tangu hapo kila asubuhi anatoka juu kabisa na mswaki mdomoni, anatupungia mkono: "Bado ipo! Mwandikieni Miwani, bado ipo!" Watoto wa mtaani wamejifunza, nao wanapita wakiimba bado ipo, bado ipo. Anakaa kule juu peke yake. Amehamishia kitanda chake ghorofa ya tatu kabla hata madirisha hayajatiwa vioo.

Na Mama amechoka, Mjomba. Anasema amehamishwa na picha. Mara mbili amefunga mkoba wake arudi, na mara zote mbili Mjomba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyemrudisha, eti chumba chake kinapakwa rangi, asubiri ikauke. Safari ya tatu sitaweza kumzuia. Nakuletea picha ya juzi: mahali pale pale, lenzi ile ile, tundu nane, timazi imetundikwa, haijakatwa. Ulinganishe na ile ya Aprili uniandikie mstari mmoja nimsomee. Nipe ukweli, kwa maana hata mimi sasa sijui tena ninachokiona.

Mpwa wako

*

17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Uliomba mstari mmoja. Huu hapa: tangu Aprili, ukuta haujasogea kwa kiasi chochote ninachoweza kukipima.

Usimsomee mama yako bado. Soma hadi mwisho kwanza, na usome ukiwa peke yako.

Niliporidhika kwamba picha mbili zinafanana, niliona haya, kisha nikaona nafuu, kisha nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote. Mzigo umeongezeka. Zege la sakafu nzima limewekwa juu ya ukuta uliokuwa tayari umechoka. Kwa nini, basi, umeacha kusogea? Kitu kisichosogea kinapopaswa kusogea, kuna kingine kinachokizuia.

Nikachukua kioo cha kukuzia nikaanza upya. Umefanya kazi nzuri. Kwa tundu la nane hata nyuzi za pazia zinahesabika. Katika dirisha la mama yako, mahali pazia lilipoachana, kuna kivuli kilichosimama wima. Kipo kingine pembeni yake. Katika picha ya Aprili havipo. Ni miti, mpwa wangu. Ni mihimili ya miti, kutoka sakafuni hadi darini, kama ile mafundi wanayoegemezea zege bichi. Chumba hakipakwi rangi. Kimejazwa miti.

Kaka yangu anajua.

Nataka ulifikirie hilo kwa utulivu, maana mimi nimeshindwa. Ameona ufa, au amesikia kitu usiku. Hakumwambia mtu. Amekijaza chumba miti, amemkataza dada yake asirudi kwa kisingizio cha rangi, kisha amepanda juu kabisa na kitanda chake ili mtaa mzima umwone amelala salama. Anamlinda mama yako kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ananishinda mimi. Hadi jana nilikuwa naiogopa nyumba. Leo namwogopa yeye. Mtu anayejua na bado akapanda, hesabu zangu hazina la kumwambia.

Miti ile inashika kwa muda tu. Siwezi kukupa tarehe.

Usimwambie kwamba nimeiona miti. Akijua nimeiona, hatashuka kamwe. Atafia juu ya neno lile aliloliandika chini ya barua yangu. Usimpelekee picha, usimpelekee hesabu, usitaje uzi. Mpelekee salamu zangu, za kwanza tangu tulipoachana, na ziwe hizi tu: mdogo wako anasema ushuke. Akiuliza sababu, sema sikuitoa. Nimekata tiketi, nitafika mwanzoni mwa mwezi. Mwambie ashuke sasa. Mengine tutagombana tukiwa chini.

Mjomba wako

*

28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Huenda ukafika kabla ya barua hii. Nimeiandika hata hivyo, kwa kuwa siwezi kukaa tu nikitazama.

Nilipata barua yako jioni nikitoka kazini, nikaenda hapohapo kabla sijajishauri. Sikupanda. Samahani, Mjomba, nilifika kwenye ngazi ya kwanza nikaishia hapo. Nikamwita Mjomba Mkubwa kutoka chini, uwazi wa ngazi ukanirudishia sauti yangu. Akachungulia.

"Mama yako anasemaje?"

"Si Mama. Nina salamu za Mjomba mdogo."

Nilisikia maji yakidondoka mahali.

"Kurasa ngapi?"

"Hakuna kurasa. Amesema ushuke."

"Basi?"

"Basi."

"Kwa nini nishuke?"

"Hakusema."

"Yeye? Hakusema sababu?" Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Miwani ameacha kutoa sababu. Basi mambo ni mabaya."

Nikamsikia akiketi kwenye ngazi kule juu. Nilidhani amekataa. Nilisimama pale mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikijiambia nikihesabu hadi mia nitaondoka, na nikifika mia naanza tena. Kisha akaanza kushuka. Alishuka polepole sana, kiganja chake kikipapasa ukuta kila hatua, kama mzazi anayempima mtoto homa. Alipofika mlango wa chumba cha Mama alisimama, akautazama, asiufungue. Alinipita bila kunitazama. Akavuka barabara na viatu vya ndani, akaingia chumbani kwetu, akakaa kwenye kigoda cha fundi viatu. Mama alimmiminia chai. Hakuna aliyemuuliza kitu. Baada ya muda akasema, kama anayezungumza na kikombe, "Mafundi nimewaambia kesho wasije." Tena baadaye kidogo: "Anafika lini huyo?"

Sasa tumo watatu humu, na nyumba iko mbele yetu, tupu. Inasimama. Tumewaeleza majirani wa pande zote, na wale wa kulia wamehama leo. Watoto hawaimbi tena. Mchana kuna mlio unaotoka ndani yake, mfupi, kama mtu anayekunja vidole, na ukitokea sote watatu tunaacha tunachokifanya, kisha tunaendelea bila kutazamana.

Mjomba Mkubwa aliacha taa ya ngazi ikiwaka. Tunaiona kutoka hapa kupitia dirisha la ghorofa ya pili. Mama amesema tangu jana kwamba umeme unapotea bure, mtu aende akaizime. Alisema asubuhi, akasema mchana, amesema tena sasa hivi. Tumeitikia wote kwamba ni kweli, umeme unapotea, na hakuna aliyeinuka.

Mpwa wako